Divai Yenye Ladha ya Chuma

Majibu ya maabara yalifika saa nne asubuhi, na hayakumsaidia mtu. Chupa tatu, glasi mbili, vizibo vitatu, mabaki ya chakula mezani: hakuna sumu. Sajini Clotilde Marcenac aliisoma karatasi mara mbili akiwa amesimama, akaifunika kifudifudi juu ya meza, akaigeuza tena. Maneno yalikuwa yaleyale.

Chumba cha pili alikuwa amekaa mzee Firmin Delbreil, mkulima wa mizabibu, mahabusu tangu jana saa kumi alasiri. Sheria ilimruhusu Clotilde kumshikilia hadi saa kumi ya leo. Ikifika hapo, ama amwachie aende zake, ama ampeleke mjini Cahors kwa mwendesha mashtaka, akajibu kesi ya kumwua Aimé Calmels, rafiki yake wa miaka sitini.

Mashtaka yenyewe aliyafungua mjane. Aimé alikuwa na moyo mbovu. Miaka mitatu nyuma alilazwa Toulouse, daktari akampiga marufuku divai hata tone, naye akamwapia mkewe Noélie kwamba basi, amekoma. Ahadi nzito hiyo kwa mtu aliyekuwa mwonjaji mkuu wa bonde zima, mtu ambaye wakulima walimbembeleza atie ulimi kwenye mapipa yao kabla hawajathubutu kuuza. Jumanne kabla ya saa sita mchana akafia kwenye ghala la Firmin, uso mwekundu, mbele yake chupa tatu zimefunguliwa. Noélie alikuja kituoni na koti la mvua juu ya aproni. Alisema Firmin amemrubuni mumewe siku moja, siku moja tu, na siku hiyohiyo akamtilia kitu, kwa sababu ya shamba la mlimani ambalo Aimé alikataa kumwuzia. Akataka maiti ifanyiwe uchunguzi. Akatia saini bila kusoma.

Huyo Noélie ndiye aliyemfundisha Clotilde kusoma darasa la kwanza, na ndiye aliyemshika siku ya ubatizo. Mama wa Clotilde alipofariki, ni Noélie aliyemfunga nywele kila asubuhi kwa miaka minne. Mkubwa wake kazini alimwuliza kama anataka kesi apewe mtu mwingine, na Clotilde akajibu kwamba hapana, ataimudu. Watu husema mambo ya ajabu wakiwa wamevaa sare.

Alifungua jalada, akapitia picha za upekuzi wa Jumatano nyumbani kwa marehemu: kabati la dawa za moyo, jiko, meza, kikapu dirishani chenye gazeti lililolowa weusi. Kando ya picha hiyo alikuwa ameandika kwa mkono wake neno moja, jozi. Mwezi wa Oktoba kila nyumba ya kijiji cha Puyrolles inamenya jozi, kokwa za mitini, na maganda yake mabichi yanatia weusi kila kitu, vidole, vitambaa, mpaka taulo za kanisani. Akafunga jalada, akaenda kwa Firmin.

"Mzee Firmin, tuanze upya. Jumanne."

"Tumeanza upya mara nne, binti. Andika nimemwua, nitie saini, nikalale."

"Umemwua kwa nini?"

"Divai. Si yangu? Si mimi niliyemmiminia?"

"Wewe pia umekunywa hiyohiyo."

"Mimi sifi. Ningekuwa wa kufa ningeshakufa, mwulize marehemu mke wangu."

Hakucheka, na Clotilde hakucheka. Macho ya mzee yalikuwa yamevimba, na ndevu za siku mbili zilimfanya aonekane kama mtu aliyeokotwa barabarani.

"Niambie mlikula nini. Kimoja kimoja, na kila kimoja kilikwenda na chupa ipi."

Hapo Firmin aliinua kichwa. Mtu wa bonde lile unaweza kumfunga pingu miguuni na mikononi, lakini ukimwuliza chakula na divai atakujibu sawasawa.

"Nilianza na changa, ya miaka miwili. Ile bado kali, ina ukakasi wa kukukunja ulimi, kwa hiyo unaipa mafuta. Nikampa firigisi za bata zilizolala kwenye mafuta yake, mkate uliosuguliwa kitunguu saumu, na jozi za mwaka huu. Mafuta yanashika ukakasi, divai inanyooka, unabaki na plamu mdomoni. Hata mtoto anajua."

"Jibini?"

"Jibini ya mbuzi ilikuwepo, lakini ya kuliwa mwisho, pamoja na ile divai changa. Aimé ukimwekea jibini ya mbuzi na divai ya zamani anakufukuza mezani kwako mwenyewe."

"Endelea."

"Akaonja. Akaiweka glasi chini. Akasema, Firmin, hii ni chuma."

Kalamu ya Clotilde ilisimama. Mara nne mzee alikuwa amesema "haikumpendeza" na kuruka mbele.

"Chuma vipi?"

"Chuma. Kama kunyonya ufunguo, ndivyo alivyosema. Nikaonja mimi. Plamu, utamu wa mzizi wa susu, moshi kidogo, ilivyo siku zote. Nikamwambia mdomo wako umeota kutu, zee wewe. Akacheka kidogo. Nikafikiri labda firigisi, nilizitia siki, siki inaharibu divai. Nikaziondoa. Nikamletea bata baridi, nikafungua ya pili, ya miaka ishirini. Ile haina makali tena, ni uyoga na ngozi na tumbaku, unaipa nyama tu na unakaa kimya. Akanywa. Chuma."

"Uso wake?"

"Shingo ilikuwa imeanza, nyekundu kama kilemba cha jogoo. Nikadhani ni hasira. Wewe humjui Aimé akikosa ladha ya kitu." Akajifuta pua kwa kiganja. "Nikashuka chini nikaleta ile ya mwaka aliooa. Ilikuwa imebaki moja. Sikuleta chakula chochote, ile hailiwi na kitu. Akanywa nusu glasi. Halafu akalia, binti. Akasema, Firmin, ulimi wangu umekufa. Akasema, mimi sasa ni nani? Nikamwambia kunywa tena, utarudi. Akanywa. Akatapika. Akashika kifua." Mzee akamalizia kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kila glasi niliyompa nimponye ndiyo iliyommaliza. Sasa andika unachotaka."

Clotilde aliandika.

"Alikuwa anakuja kwako mara ngapi?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe ulikuwa unapita na gari lenu saa tano kila siku, unatupigia honi?"

Hilo Clotilde hakuliandika. Alifunga daftari, akamwagizia mzee kahawa, akatoka kwenye ukumbi na kusimama mbele ya ramani ya ukutani asiyoitazama. Divai ni moja, vinywa viwili. Kimoja kimeonja plamu, kingine chuma, na hicho kingine ndicho kilichokuwa hodari bonde zima. Basi kosa halimo kwenye chupa. Limo kwenye mdomo, na lilikuwamo kabla Aimé hajavuka kizingiti cha Firmin. Kitu gani kilipita mdomoni mwa Aimé ambacho hakikupita mwa Firmin? Vidonge vya moyo.

Duka la dawa liko ng'ambo ya uwanja. Bwana Lucien Rouquette, mfamasia, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi, alimfungulia mlango wa nyuma na kumtolea orodha ya dawa za marehemu kabla hajaiomba.

"Hakuna hata moja inayogombana na divai namna hiyo, afande. Angelewa haraka, angeona kizunguzungu. Basi."

"Nikikuambia uso mwekundu, moyo unakwenda mbio, kutapika, na ladha ya chuma mdomoni, yote ndani ya nusu saa baada ya kunywa?"

"Nitakuambia kuna dawa." Rouquette alivua miwani. "Wanapewa walevi ili waichukie pombe. Ukiwa nayo mwilini, ukinywa kidogo tu, hayo yote yanakupata. Mwenye moyo mbovu anaweza asiamke."

Clotilde alimwona akilini Noélie na kijiko, na kidonge kilichosagwa ndani ya supu ya Jumatatu usiku, kwa upendo na kwa hofu. Mke mwenye shaka anaweza kufanya hivyo. Mke mwema anaweza zaidi.

"Ulimwuzia Noélie dawa hiyo?"

"Sijamwuzia mtu miaka minane. Na huipati bila cheti cha daktari." Aliiweka miwani mezani, akaichukua tena, kisha rangi ikamtoka usoni polepole, na akakaa kwenye kiti cha wateja. "Jumatatu alileta uyoga."

"Nani?"

"Noélie. Jumatatu asubuhi."

Oktoba nzima watu hupanga foleni pale na vikapu vya uyoga, mfamasia anachambua, huu tupa, huu kula, wala halipishi kitu. Clotilde mwenyewe alikuwa amesimama kwenye foleni hiyo tangu akiwa hajui kufunga viatu.

"Uyoga gani?"

"Wa wino. Unaota kwenye visiki vya mipopla, ile miti mirefu ya kule mtoni. Asubuhi ni wa kijivu, safi, mzuri. Ukiuacha mpaka kesho unayeyuka wote, unakuwa wino mweusi. Ni chakula, afande. Mtamu. Lakini una kitu ndani yake kinachofanya kazi kama ile dawa ya walevi. Siku mbili, tatu baada ya kuula, divai inakuwa sumu."

Clotilde aliiona picha ya kikapu dirishani. Gazeti lililolowa weusi, na neno jozi, kwa mwandiko wake mwenyewe, lililoandikwa haraka na mtu anayejua kijiji chake.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Nikamwambia, mama, huu na divai ni marufuku, kabla na baada. Akacheka. Akasema, kwangu divai haijaingia miaka mitatu, labda ile ya padri."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mle kwa furaha."

Nje mwanamke mmoja aligonga kioo, akaona sare, akaondoka.

"Ulijua Aimé anakunywa kwa Firmin," Clotilde alisema.

"Kijiji kizima kinajua."

"Nimekuuliza wewe."

"Nilijua." Mfamasia aliongea akitazama sakafu. "Ungefanyaje? Nyuma yake kulikuwa na watu saba. Nimwambie mke wa mtu, mumeo anakudanganya kila siku saa tano? Nikasema moyoni nitampigia Aimé simu. Haki ya Mungu nilisema hivyo. Wakaja wateja. Nikasahau."

Clotilde alitaka kumtukana, lakini kila neno lililomjia lilikuwa la saizi yake pia. Honi ya gari. Miaka mitatu alimwona Aimé akitoka ghalani kwa Firmin anajifuta masharubu, na alimkonyeza. Ilikuwa raha ya kijiji, siri tamu ya watu wazima, na aliyefichwa alikuwa mmoja tu.

Alimpigia mwendesha mashtaka simu kutoka garini. Jibu lilikuwa fupi: mwachie mzee, andika ajali, lakini nataka maelezo ya mjane leo, alipika nini, lini, nani alikula. Na mjane aelezwe chanzo cha kifo. Ni haki yake; yeye ndiye aliyetaka uchunguzi.

Saa nane kasoro robo Clotilde alibisha mlango ambao hajawahi kuubisha maisha yake yote.

"Unabisha nini, una wazimu?" Noélie alimvuta ndani kwa mkono. "Amekiri?"

"Kaa, mama."

"Amekiri. Nakuona usoni. Alimtilia nini?"

"Kaa kwanza. Nina maswali ya karatasi. Ni utaratibu tu."

Noélie alikaa, mgongo wima kama alivyokuwa akikaa mbele ya darasa. Vidole vyake bado vilikuwa na weusi. Clotilde alifungua daftari.

"Jumatatu jioni mlikula nini?"

"Jumatatu? Kimanda cha uyoga. Kuna nini na Jumatatu? Amekufa Jumanne."

"Mayai mangapi?"

"Unaandika mpaka mayai?"

"Naandika."

"Sita. Na kotimiri, na mafuta ya bata. Uyoga niliuchuma mwenyewe, nikampelekea Rouquette akautazama, mwulize." Uso wake ukalainika kidogo, na huo ulikuwa mwanzo wa mabaya. "Alikula sahani mbili, Clo. Akapangusa kikaango kwa mkate. Tangu hospitali alikuwa anadonoadonoa tu, wewe umemwona. Mimi uyoga sikuutaka sana, nilionja tu, nikawa namtazama. Akaniambia, Noélie, hiki kingehitaji... halafu akanyamaza."

"Kingehitaji nini?"

"Akasema chumvi." Noélie alitabasamu. "Nilijua anataka kusema divai. Angeniambia na mwaka wake, na aifungue saa ngapi. Nilimwonea huruma, nikamshika mkono."

Clotilde aliandika chumvi. Hakujua kwa nini aliandika. Haikuwa na kazi yoyote kwenye maelezo.

"Rouquette alikuambia kitu kuhusu huo uyoga?"

"Kwamba hauendi na divai."

"Ulimwambia Aimé?"

"Nimwambie kwa nini? Miaka mitatu sikulitaja neno hilo mbele yake. Nilitoa mpaka glasi kabatini. Mtu amejinyima kwa ajili yangu, nikae nimtajie kila siku? Ni kumtesa." Halafu akalitazama daftari. Alikuwa mwalimu miaka thelathini na saba, na alijua swali linapoulizwa kwa sababu. "Clotilde. Kwa nini unaniuliza uyoga?"

Na Clotilde akamwambia. Alisema yote kwa mpangilio, kama ripoti, kwa kuwa hakujua namna nyingine ambayo sauti yake ingeshikamana: maabara haikukuta sumu, chupa ni salama, ladha aliyoilalamikia Aimé, uyoga wa wino, moyo. Alisema si kosa la mtu. Alilisema hilo mara mbili, na mara ya pili lilisikika baya zaidi.

Noélie hakulia. Alitazama jikoni, mahali kikaango kilipotundikwa, safi, kinang'aa.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Hapana, mama."

"Futa jina la Firmin pale juu, andika langu."

"Sheria haina kitu cha kuandika. Hukujua."

"Sikujua nini? Uyoga niliujua. Onyo nilipewa." Aligeuka. "Alikuwa anakunywa tangu lini?"

Clotilde angeweza kusema Jumanne tu, mara moja tu, Firmin alimshawishi. Angeweza. Lakini Firmin angebeba uongo huo mpaka kaburini, na alikuwa ameshabebeshwa vya kutosha.

"Tangu alipotoka hospitali. Kila siku, saa tano, glasi moja au mbili."

"Saa tano. Alikuwa anakwenda kununua gazeti."

"Ndiyo."

"Nani alijua?"

"Mama..."

"Nimekuuliza nani alijua."

"Watu wote."

Noélie aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayehesabu watoto wanaorudi darasani. Alikuwa anawapitia, Clotilde alimwona akiwapitia mmoja mmoja: mwoka mikate, padri, Rouquette na foleni yake, wanawake wa kwaya waliomsifu mumewe kwa uthabiti.

"Na wewe?"

"Na mimi."

Saa ya ukutani ilipiga mara mbili. Noélie alivuta daftari upande wake, akatafuta mahali pa saini, na safari hii akasoma kila mstari toka juu, kidole kikifuata maneno. Mahali pamoja alirekebisha herufi. Kisha akatia saini na kurudisha kalamu.

"Firmin yuko wapi?"

"Kituoni. Namwachia sasa hivi."

"Mwambie mazishi ni Jumamosi saa nne. Mwambie aje, akae nami mbele." Alinyanyuka, akaifungua aproni, akaikunja mara nne. "Namtaka anieleze Aimé alikuwa anaongea nini kule ghalani. Miaka mitatu ya mume wangu anayo yeye, mimi sina."

"Nitamwambia."

"Mwambie."

Alikwenda mpaka mlangoni, akaushika wazi, akasubiri Clotilde akusanye karatasi zake na kofia yake. Alipopita karibu, mkono wa mama ulipanda wenyewe kutengeneza kola ya sare, kama ulivyozoea, ukafika nusu ya njia, ukashuka.

"Jumamosi wewe usije," alisema Noélie.